Jinsi ya Kujijengea Mazoea ya Kuandika Hadithi na Mashairi: Mwongozo kwa Watu Wazima na Watoto

Mtu anayesema ataandika akipata nafasi huwa haandiki. Nafasi haiji yenyewe. Hutengwa, na ikiwa ndogo huwa rahisi kuilinda. Mwongozo huu unahusu kutenga dakika kumi na tano kwa siku na kuzilinda mpaka kuandika kuwe jambo la kawaida kama kupiga mswaki. Watoto wana sehemu yao peke yao huko mbele, kwa sababu yanayowaua hamu ya kuandika si yale yanayotukwamisha sisi wakubwa.

Hatua ya 1: Funga kuandika kwenye jambo unalolifanya kila siku

"Nitaandika jioni" ni ahadi dhaifu, maana jioni ni ndefu na haina mlango. Tafuta kitendo ambacho tayari kipo katika siku yako, kisha uandike mara tu kinapokwisha. Kwa mfano: "Nikishapiga mswaki asubuhi, kabla sijagusa simu, nitakaa kwenye kiti cha dirishani na kufungua daftari." Sentensi hiyo imetaja kitendo, mahali, na hatua ya kwanza ya mkono. Iandike kwenye karatasi na kuibandika mahali utakapoiona.

Kitendo unachokichagua kiwe na sifa tatu. Kitokee kila siku, au angalau siku zote za kazi. Kiwe na mwisho unaoonekana: kufunga mlango, kuzima bomba, kuvua viatu. Na baada yake pawe na dakika kumi na tano ambazo hakuna anayekudai kitu. Sifa hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mzazi anayepanga kuandika mara tu watoto wanaporudi kutoka shule amepanga kushindwa. Kabla ya kuamua, chunguza siku tatu za kawaida na uandike ni saa ngapi hasa unabaki peke yako, hata kama ni ndani ya basi.

Asubuhi huwafaa wengi kwa sababu siku haijapata muda wa kuharibika. Mwandishi wa Uingereza Anthony Trollope, aliyekuwa mfanyakazi wa idara ya posta katika karne ya 19, alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake na kujitaka maneno 250 kila robo saa, kisha akaenda kazini. Mwige kwa ule utaratibu wa kuwahi, wala si kwa ile hesabu ya maneno. Sababu iko katika hatua ya pili.

Usiamini kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo moja dogo la kila siku kuhusu kula, kunywa au mazoezi ya mwili. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi jambo hilo kuanza kujifanya lenyewe, lakini makadirio ya mtu mmoja mmoja yalitoka siku 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kuandika ni kugumu kuliko kunywa glasi ya maji, kwa hiyo jipe miezi mitatu kabla ya kujihukumu.

Hatua ya 2: Weka sakafu, acha dari

Sakafu ni kiwango cha chini ambacho hata siku mbaya haikishindi. Tunapendekeza sentensi tatu. Ukiandika tatu, siku hiyo imehesabika, na huna deni. Siku nyingi utaandika tatu na kuendelea, kwa sababu ugumu wote uko kwenye kuanza. Lakini siku ya homa, msiba au safari, tatu zinatosha na unalala bila kujilaumu.

Wanaoanza huweka sakafu juu mno. Hujiwekea kurasa mbili, wiki ya kwanza wanafurahi, wiki ya pili wanakosa siku moja, siku inayofuata wanajidai kurasa nne, na wiki ya tatu daftari liko chini ya kitanda. Kama umeshapitia njia hiyo, punguza sakafu mpaka uone aibu kumwambia mtu. Hapo ndipo mahali pake.

Usihesabu maneno, hasa kama malengo umeyatoa kwenye vitabu vya Kiingereza. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "hatukumwambia" ni neno moja kwetu, na Mwingereza atalihitajia maneno matano. Maneno mia tano ya Kiswahili ni kazi kubwa kuliko mia tano ya Kiingereza, na mtu asiyejua hilo hujiona mvivu bure. Hesabu sentensi, kurasa au dakika.

Hatua ya 3: Vifaa

Daftari la kawaida la mistari, la kushonwa, linalolala wazi mezani bila kushikiliwa. Lisiwe zuri sana: daftari la jalada la ngozi humfanya mtu aogope kulichafua, na kuandika kunataka uchafu. Andika ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uache wazi kwa marekebisho, neno lililokuja baadaye, au wazo la hadithi nyingine. Juu ya kila ukurasa weka tarehe na saa uliyoanza; baada ya mwezi utaona mwenyewe ni saa zipi kalamu yako hutembea.

Kalamu iwe inayoteleza bila kukandamizwa, na nyingine ya akiba kando. Kalamu iliyokata wino imewaondoa wengi kitini, na aliyenyanyuka kutafuta kalamu hukutana na vyombo vichafu.

Simu ni kifaa kizuri cha kunasa wazo njiani, kwa maandishi au kwa kurekodi sauti, lakini ni kifaa kibaya cha kikao. Ukilazimika kuitumia kuandikia, zima intaneti kwanza. Kwa kupima muda, saa ya ukutani au ya mezani inatosha.

Hatua ya 4: Kikao cha dakika kumi na tano

Dakika mbili za mwanzo, soma mistari mitano ya mwisho uliyoandika jana. Mitano tu. Ukisoma kurasa zote tangu mwanzo utaanza kurekebisha, na asubuhi itaishia kwenye kurasa za juzi.

Dakika kumi zinazofuata, andika bila kusimama. Kalamu isinyanyuke zaidi ya muda wa kuvuta pumzi. Usifute, usirudi nyuma, usitafute neno kwenye kamusi. Neno likikataa, weka mstari mtupu na usonge mbele. Ukikwama kabisa, andika "sijui kinachofuata kwa sababu" na uimalizie sentensi hiyo. Mara nyingi mwisho wake ndio unaokuonyesha kinachofuata: "sijui kinachofuata kwa sababu sijaamua kama huyu mlinzi ni mwizi au la." Basi amua, endelea.

Kwa nini bila kusimama? Kutunga na kuhakiki ni kazi mbili zinazogombania akili moja. Anayehakiki kila sentensi inapotoka hubaki na aya moja safi ya mwanzo, aliyoiandika mara kumi na mbili, na hadithi isiyo na katikati.

Dakika tatu za mwisho, acha mkia. Maana yake ni kusimama ukiwa bado una cha kusema, kisha kuandika chini kabisa ya ukurasa mstari mmoja unaoanza na neno "Kesho": "Kesho: dada anafungua barua, anacheka badala ya kulia." Mtu anayeandika mpaka akauke hukuta ukurasa mweupe siku inayofuata, na ukurasa mweupe ndio unaowafukuza watu kitini. Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua kwenye mwongozo huu, liwe hili la mkia. Linauma kidogo kusimama ukiwa umenoga, lakini ndilo linalokurudisha.

Hatua ya 5: Ghala la mbegu

Kurasa kumi za mwisho za daftari zigeuze kuwa ghala. Humo weka kimoja kwa siku: jambo uliloliona, kulisikia au kulinusa, kwa sentensi moja yenye kitu cha kushikika. "Watu walikuwa na huzuni" haioti. "Mwanamke aliosha kikombe kilekile mara tatu" inaota, maana msomaji atauliza kwa nini. Yafaayo kuwekwa ghalani: kipande cha maneno uliyoyasikia bila kuambiwa, kosa la kuchekesha kwenye kibao, jina lisilolingana na mwenyewe, kitu kilichoachwa mahali pasipo pake, uongo mdogo aliousema mtu bila haja.

Asubuhi usiyokuwa na mkia wa jana, funga macho, weka kidole kwenye ghala, andika kutoka hapo. Kuchagua mbegu bora kunakula dakika zote kumi na tano.

Ghala likiwa bado tupu, haya yatakusogeza wiki mbili za kwanza. Eleza chumba kupitia masikio pekee, bila rangi wala umbo. Andika ugomvi wa watu wawili ambao hakuna anayetaja kinachogombaniwa. Chukua kitendawili unachokijua na ukiandikie hadithi ambayo jibu lake halitajwi. Chukua methali, mwandikie mhusika ambaye maisha yake yameikanusha. Andika barua ya kuomba radhi kutoka kwa mtu asiyejutia chochote. Simulia tukio la dakika moja kwa ukurasa mzima, kisha miaka kumi kwa sentensi mbili. Kila zoezi lirudie siku mbili mfululizo. La siku ya kwanza hutoa yale yanayomjia kila mtu, la siku ya pili hukulazimisha kuchimba.

Anayependa mashairi afanye ubeti mmoja wa tarbia kwa siku: mishororo minne, kila mmoja mizani (silabi) kumi na sita, nane kabla ya mapumziko ya katikati na nane baada yake, vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho vikitunzwa walau katika mishororo mitatu ya mwanzo. Hesabu mizani kwa vidole ukitamka kwa sauti. Kosa la kawaida hapa ni kuchagua kina kigumu katika mshororo wa kwanza, kisha maana ikaanza kuinama ili ifuate kina. Kabla ya kuandika mshororo wa kwanza, orodhesha pembeni maneno manane yanayoishia na kina ulichokichagua. Ukishindwa kufika manane, badili kina. Na hata asiyependa vina na mizani afanye zoezi hili wiki moja, kwa kuwa hufundisha sikio kupima urefu wa sentensi za nathari.

Kwa watoto

Kwanza tenganisha kuandika na mwandiko. Mtoto wa miaka sita ana hadithi ndefu kichwani na mkono wa polepole. Kila herufi inachukua nguvu yake yote, na kufikia neno la nne ameshasahau la tano. Huyo si mtoto asiye na mawazo.

Wa miaka mitatu hadi mitano, yeye aseme, mkubwa aandike. Andika maneno yake vilevile yalivyotoka, pamoja na makosa, kisha umsomee ukipitisha kidole chini ya maneno. Usimnyooshee hadithi. Akisema simba alikula jua kwa sababu lilikuwa moto, mwulize tu, "Halafu ikawaje?" Dakika tano zinatosha, na akichoka katikati mwache aondoke.

Wa sita hadi wanane, picha itangulie. Achore dakika tano, kisha aandike sentensi moja hadi tatu chini ya mchoro. Tanakali za sauti ni hazina ya umri huu: kilianguka chubwi, au pu, au tifu? Ukimwuliza swali hilo, mtoto hulazimika kujua kilianguka ndani ya nini, na tayari ana mandhari. Neno asilojua tahajia yake aliandike anavyolisikia. Ukimsahihisha akiwa anaandika, atabaki na maneno anayoyajua tu, na hadithi zake zote zitakuwa za paka na mpira.

Wa tisa hadi kumi na wawili anaweza kukaa dakika kumi hadi kumi na tano, na kwake sakafu ni ileile ya sentensi tatu. Shida ya umri huu ni hadithi zisizokwisha, au zinazoishia na "kumbe ilikuwa ndoto". Mpe masharti yanayobana: wahusika wawili tu, mahali pamoja, na sentensi ya mwisho uipange kabla ya kuanza. Masharti huwapa watoto uhuru kuliko karatasi tupu yenye agizo la "andika chochote unachotaka".

Kijana wa miaka kumi na mitatu na kuendelea anahitaji daftari ambalo mzazi hatalifungua. Liseme wazi na ulitimize, hata siku litakapokaa wazi mezani. Akigundua umesoma mara moja, ataendelea kuandika kwa ajili yako, na hayo hayatakuwa na maana kwake wala kwako.

Mtoto anapokuletea alichoandika, anza na jambo halisi ulilolipenda, ukilitaja kwa maneno yake: "Hapa uliposema mlango ulikohoa, nimeusikia." Halafu uliza swali moja ambalo kweli hujui jibu lake. Basi. "Nzuri sana" haimfundishi kitu, na kalamu nyekundu humfundisha kutokuleta tena. Sahihisha lugha siku nyingine, na aina moja ya kosa kwa wakati mmoja: wiki hii herufi kubwa, wiki ijayo nukta.

Usiahidi zawadi kwa kila ukurasa. Mwaka 1973 huko Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio la watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti cha kuchora, kisha wakapewa, walichora kidogo kuliko wenzao siku za baadaye, pale cheti kilipokuwa hakipo tena. Waliopewa cheti ghafla bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Na kamwe usiigeuze kuandika kuwa adhabu. Mtoto aliyeandikishwa sentensi moja mara mia amefundishwa kwamba kalamu ni fimbo.

Kinachofanya kazi kuliko yote ni kikao cha pamoja. Wote mezani, dakika kumi, mkubwa naye anaandika, haangalii simu wala hasimamii. Saa ikifika, anayetaka kusoma anasoma, asiyetaka anasema "napita" na haulizwi. Mkubwa awe wa kwanza kusoma alichokiharibu. Watoto hufuatisha wanachokiona, na wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akiandika kitu ambacho si orodha ya manunuzi.

Yanayokwamisha, na la kufanya

Umekosa siku moja: endelea na sakafu, usilipe deni. Umekosa siku mbili mfululizo: siku ya tatu badili kitu, ama mahali ama saa, maana kitendo ulichofungia huenda hakifai. Umekosa wiki mbili: usisome ulichoacha. Fungua ukurasa mpya, chukua mbegu, andika sentensi tatu, funga.

Kuonyesha mapema ni tatizo lisilojionyesha. Hadithi iliyosimuliwa kwa marafiki ikiwa nusu hupoteza msukumo, kwa sababu ile raha ya kuwasikia wakisema "enhee, halafu?" umeshaipata bila kuiandika. Nyamaza mpaka rasimu ya kwanza ifike mwisho.

Ukichoka na hadithi katikati, jiulize kama umechoka na hadithi au umekutana na tukio gumu kuliandika. Kwa kawaida ni la pili. Ruka tukio hilo, andika kwenye mabano "hapa wanaachana", endelea na linalofuata. Utakaporudi utajua zaidi kuhusu watu hao.

Kuna pia wale wanaosoma miongozo ya kuandika kila jioni na hawaandiki. Dawa yake ni kwamba kusoma kuhusu kuandika hakuhesabiki kama kikao.

Hatua ya 6: Kurekebisha, kwa siku yake

Baada ya wiki nne hivi, teua siku moja kwa wiki ya kurekebisha, na siku hiyo usitunge kipya. Chagua maandishi yaliyokwisha lala angalau wiki moja. Ya jana bado unayasikia yalivyokuwa kichwani, huoni yalivyo kwenye karatasi. Yasome kwa sauti mara moja bila kushika kalamu. Mara ya pili weka alama mahali ulimi ulipojikwaa, mahali ulipochoka, na mahali palipokushtua kwa uzuri. Ndipo urekebishe, ukitumia ule ukurasa wa kushoto.

Anza kwa kufuta. Aya ya kwanza ya rasimu mara nyingi ni mwandishi akijipasha moto. Ifunike kwa mkono na uone kama hadithi inaanza vizuri kutoka aya ya pili. Kisha tafuta maneno ya hisia kama alifurahi, alihuzunika, aliogopa, na palipo muhimu weka badala yake kitendo kinachoonekana. Usibadilishe yote. Hadithi isiyotaja hisia hata moja huchosha kama ile inayozitaja kila mstari.

Daftari likijaa, andika kwenye jalada tarehe ya kwanza na ya mwisho. Lipitie lote kwa saa moja ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, uzungushie sehemu tatu ambazo bado zinakuita. Zinakili kwa mkono kwenye kurasa tatu za mwanzo za daftari jipya, moja kwa kila ukurasa, na kesho yake uanze kuandika chini ya ile iliyo fupi kuliko zote.